Tathmini ya MusicBee: Programu ya Kupangia Maktaba ya Nyimbo kwa Nyota na Orodha

Nimeitumia MusicBee kwa miaka minne sasa kupanga mkusanyiko wa nyimbo zipatazo 7,300, nyingi zikiwa za muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, taarabu ya Unguja na Mombasa, na rumba ya Kongo. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wapenzi wengi wa muziki wa zamani ninaokutana nao wana hazina kama yangu au kubwa kuliko yangu, na karibu wote wana tatizo lile lile: nyimbo wanazo, lakini ukiwaomba wakupigie nyimbo kumi zinazofaa kwa jioni ya wageni, huanza kufungua folda moja baada ya nyingine mpaka wageni wanaaga.

MusicBee ni programu ya bure ya kompyuta za Windows, iliyoandikwa na Steven Mayall na ambayo imekuwapo tangu mwaka 2008. Anayependa kumchangia mwandishi wake huchangia kwa hiari. Ipo ya kusakinisha kwa njia ya kawaida, na ipo nyingine inayoweza kukaa kwenye diski ya nje pamoja na nyimbo zenyewe, ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows na kuanza kusikiliza. Inapiga aina zote za mafaili ambazo mtu wa kawaida atakutana nazo, yaani MP3, AAC, FLAC, Ogg, Opus, WMA na WAV.

Kabla yake nilikuwa na programu nyingine, ambayo sitaitaja. Kwa miaka sita nilikaa nayo jioni baada ya kazi, nikazipa nyimbo zangu nyota, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika karibu nyimbo elfu tatu. Kisha diski ya kompyuta ikafa. Nyimbo zote nilikuwa na nakala zake za akiba kwenye diski ya nje, kwa hiyo nilizirudisha bila kupoteza hata moja. Nilipofungua programu, hata hivyo, hapakuwa na nyota hata moja. Programu ile ilikuwa imezihifadhi katika hifadhidata yake yenyewe, mahali ambapo sikuwahi kupatazama, na hifadhidata hiyo ilikufa pamoja na diski. Nilisikitika kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu wimbo unaweza kuupata tena kwa rafiki au dukani, ilhali uamuzi ulioufanya usiku fulani baada ya kuusikiliza mara nane haupatikani popote.

Kwa hiyo swali la kwanza nililoiuliza MusicBee lilikuwa hilo: nyota zinakaa wapi? Jibu lake ndilo lililonifanya nibaki nayo. Faili la MP3 hubeba ndani yake sehemu ndogo ya maandishi, yaani lebo, inayoitwa ID3, ambamo huandikwa jina la wimbo, la mwimbaji, la albamu na kadhalika. Toleo la kwanza la ID3, la mwaka 1996, lilikuwa na nafasi ya baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la msanii halikuruhusiwa kuzidi herufi 30. Ukiandika humo "Mbaraka Mwinshehe na Orchestra Super Volcano", herufi ya thelathini inaangukia mwisho wa neno "Orchestra", na bendi inabaki bila jina. Bado ninakutana na mafaili ya namna hiyo. Toleo la pili lilipanua nafasi sana na kuongeza mahali maalumu pa kuandika kiwango cha kuupenda wimbo, kwa namba kati ya 0 na 255. MusicBee huziandika nyota zako mahali hapo: nyota tano ni 255, nne ni 196, tatu ni 128. Namba hizo ndizo pia zinazofuatwa na Windows Media Player, hivyo ukiuhamishia wimbo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi nyota zako zitaonekana huko. Kwa FLAC utaratibu wa kuandika ni tofauti, lakini matokeo ni yale yale, kwamba nyota husafiri pamoja na wimbo.

Ninamshauri kila anayeanza afanye jaribio dogo kabla ya kutumia hata saa moja kutoa nyota. Afungue mipangilio ya lebo na kuhakikisha kwamba nyota zinahifadhiwa ndani ya faili, aupe wimbo mmoja nyota nne, aunakili kwenye flashi, kisha aufungue kwenye kompyuta nyingine. Zikionekana, aendelee kwa amani. Anayerekodi kanda mwenyewe aelewe pia kwamba mafaili ya WAV hayabebi lebo kwa namna ya kutegemewa. Mimi hurekodi kwa WAV, nikakata kelele za mwanzo na mwisho, kisha hugeuza kuwa FLAC kabla ya kuandika neno lolote.

Baada ya nyota yanakuja majina, na hapa ndipo muziki wetu unapompa kazi mpangaji. Programu nyingi za aina hii zimejengwa kwa kudhani kwamba msanii ana jina moja na kwamba wimbo umetoka katika albamu iliyotolewa mwaka fulani. Chukua bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Ni bendi moja yenye majina manne, na kwenye kompyuta yangu ilikuwa imetawanyika katika folda tisa kwa sababu ya tofauti za tahajia. Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, nilikuwa nayo kama Mlimani Park, kama DDC Mlimani Park na kama Sikinde. Culture Musical Club ya Unguja ilikuwa pia Mila na Utamaduni, na Ikhwani Safaa ilikuwa imeandikwa kwa namna tano, kila moja ikidai ni klabu tofauti.

MusicBee inakupa sehemu mbili kwa kazi hii, yaani sehemu ya msanii na sehemu ya msanii wa albamu. Nilichofanya ni kuacha katika sehemu ya kwanza jina ambalo bendi ilikuwa nalo wakati wimbo uliporekodiwa, kwa heshima ya historia, na katika sehemu ya pili nikaandika jina moja litakalozikusanya zote. Kwa hiyo nikibofya Msondo Ngoma ninaipata bendi nzima kuanzia enzi za NUTA, na kila wimbo bado unaonyesha ulirekodiwa kwa jina gani. Kazi hii inafanyika kwa mkupuo: unachagua nyimbo mia mbili, unaandika jina mara moja, zote zinabadilika. Kazi niliyoiogopa kwa miaka ilichukua siku mbili za mwisho wa juma.

Waimbaji ni jambo zito zaidi. Mpenzi wa dansi hafuati bendi peke yake, anafuata sauti. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA na JUWATA, akaenda Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo; Hassan Bitchuka naye amesikika katika bendi hizo hizo kwa nyakati mbalimbali. Ukipanga kwa bendi tu, maisha ya waimbaji hawa yanakatika vipande. MusicBee ina sehemu za ziada ambazo mtumiaji anaweza kuzipa majina yake mwenyewe, nami moja nimeiita "Mwimbaji" na nyingine "Gita la solo". Ninaandika majina yote ninayoyafahamu kwa uhakika, nikiyatenganisha kwa nukta mkato, na nisipokuwa na hakika ninaacha wazi. Orodha yangu ya Gurumo sasa inavuka bendi zote hizo kwa mfuatano, na nilipoisikiliza kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho niliisikia sauti yake ikikua na kutulia. Kwa miaka yote niliyokuwa nikizipiga kanda zile, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

Kuhusu aina ya muziki, kosa langu kubwa lilikuwa neno "zilipendwa". Nilikuwa nimelibandika kwenye nyimbo zaidi ya elfu mbili. Ni neno zuri na ninalitumia kila siku mdomoni, lakini linaeleza wakati na mapenzi, halielezi mdundo. Chini ya neno hilo rumba ya Simba Wanyika ilikaa pamoja na twisti ya gita kavu, benga ikakaa pamoja na taarabu. Nililifuta lote, nikaandika aina halisi ya kila wimbo, na wakati nikauweka katika sehemu yake kwa muongo: miaka ya 60, ya 70, ya 80. Nimechagua muongo badala ya mwaka kwa sababu nyimbo nyingi za dansi za Tanzania zilirekodiwa studio za Radio Tanzania kwa ajili ya matangazo, kisha zikaja kukusanywa kwenye kanda miaka mingi baadaye. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada la kanda mara nyingi ni mwaka wa kanda. Sehemu ya albamu ninaijaza jina la kanda pamoja na upande, A au B, ili siku nikitaka kurudi kwenye chanzo nijue pa kunyoosha mkono kabatini.

Hapo pia ndipo uwezo wa programu wa kutafuta taarifa za nyimbo kwenye intaneti unapofikia kikomo. Kwa CD zilizotoka Ulaya na Marekani hufanya kazi vizuri mno, na majina pamoja na picha za majalada huja yenyewe. Kwa kanda za Kariakoo, kwa uzoefu wangu, huja kidogo sana na mara nyingine huja kisicho sahihi. Mwenye mkusanyiko kama wangu ajiandae kuandika kwa mkono, jalada likiwa mbele yake na miwani machoni. Kinachorahisisha kazi hiyo ni sehemu ya MusicBee ambapo nyimbo mpya husubiri kabla ya kuingia maktaba. Nimejiwekea sharti kwamba wimbo hautoki hapo bila jina la msanii, aina na muongo. Sharti hilo peke yake limenilinda na vurugu mpya kwa miaka yote minne.

Sasa nije kwenye nyota zenyewe. Watu wengi huzitoa bila kujiuliza zinajibu swali gani, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka wa kwanza nilikuwa na nyimbo za nyota tano zipatazo 1,900, na orodha ya nyimbo 1,900 haina tofauti na kukosa orodha. Nilipozichunguza niligundua kwamba nilikuwa nikizawadia mambo mawili kwa nyota zile zile: uzuri wa wimbo na usafi wa sauti. Wimbo wa kawaida uliorekodiwa vizuri ulipata nyota nne, na wimbo mkubwa uliotoka kwenye kanda iliyochoka, yenye mvumo na sauti inayoyumba, ulipata nyota tatu. Nilikuwa nikiwaadhibu wanamuziki kwa makosa ya utepe.

Nikatenganisha. Nyota zikabaki kwa wimbo peke yake, kana kwamba bendi inaupiga mbele yangu usiku huo. Usafi wa sauti nikaupa sehemu yake ya ziada yenye maneno matatu tu: safi, wastani, mbovu. Kisha nikapunguza ukarimu. Nyota tatu kwangu ni wimbo ambao sitauruka ukija. Nne ni wimbo ninaoutafuta mwenyewe. Tano ni wimbo ambao ukianza ninaacha ninachokifanya. Nyota mbili ninaziacha kwa nyimbo ninazozihifadhi kwa sababu ya historia yake, na moja karibu sijawahi kuitumia, kwa kuwa wimbo wa nyota moja ninaufuta. MusicBee inaruhusu nusu nyota, na wapo wanaoziona kuwa za ziada, lakini mimi zinanisaidia mahali pamoja, kati ya tatu na nne, ambapo nyimbo nyingi nzuri zimesongamana. Sitoi nyota kwa wimbo niliousikiliza mara moja. Leo nyimbo zangu za nyota tano ni 212, na kila moja ninaweza kuitetea mbele ya yeyote.

Kutokana na utenganisho huo ikazaliwa orodha ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ni mfano mzuri wa jinsi programu hii inavyofanya kazi. MusicBee inakuruhusu kuunda orodha za kawaida, ambazo unazijaza kwa mkono wimbo baada ya wimbo, na pia orodha zinazojijaza zenyewe kwa masharti unayoyaandika. Wazo hili si geni. iTunes ililileta kwa wengi mwaka 2002 katika toleo lake la tatu. Lakini hapa masharti yanaweza kugusa karibu sehemu yoyote ya lebo, zikiwemo zile ulizozibuni mwenyewe. Orodha yangu ina masharti mawili: nyota nne na nusu au zaidi, na usafi wa sauti uwe "mbovu". Nimeiita "Zatafutwa". Ni orodha ya nyimbo kubwa ambazo nina nakala mbaya, na kila ninapokwenda kwa muuza santuri au kumtembelea mzee mwenye kabati la kanda, ninaichapisha na kuitia mfukoni. Ilianza na nyimbo 94. Nikipata nakala bora na kubadilisha neno moja katika lebo, wimbo unaondoka wenyewe kwenye orodha.

Orodha za mada nyingine zimejengwa kwa njia hiyo hiyo. Ninayo ya asubuhi ya Jumapili, inayochagua taarabu na rumba za polepole zenye nyota tatu na nusu au zaidi ambazo hazijapigwa kwa siku 60, ikakomea kwenye muda wa dakika 90. Sharti la siku 60 ni dogo lakini limeibadilisha nyumba yangu, kwa sababu zamani mke wangu alikuwa akiniuliza kila Jumapili kwa nini mtu mwenye nyimbo elfu saba anapiga zile zile ishirini. Ninayo ya taarabu ndefu, inayotumia urefu wa wimbo kuanzia dakika kumi, kwa safari za usiku. Ninayo ya nyimbo zenye nyota nne na zaidi ambazo nimeziruka zaidi ya mara tatu, maana programu huhesabu mara ulizoupiga wimbo na mara ulizouruka; hiyo ni orodha ya kujirekebisha, na kila baada ya miezi mitatu ninaipitia na kuona ni nyota zipi nilizitoa kwa kumbukumbu ya ujana badala ya kwa masikio.

Ipo mada moja iliyonishinda, na ninaieleza kwa kuwa mwenye muziki wa aina yetu ataikuta. MusicBee ina sehemu ya hali ya moyo, ambamo unaweza kuandika kwamba wimbo ni wa furaha, wa huzuni, wa utulivu. Nilijaribu kuijaza kwa miezi miwili. Tatizo ni kwamba wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza mwimbaji analia kwa sababu ya mke aliyeondoka, au ndugu waliomkataa, au rafiki aliyekufa. Kisha magita yanafunguka, tarumbeta zinaingia, chemko linaanza, na ukumbi mzima unasimama kucheza juu ya msiba ule ule. Wimbo huo utauita wa huzuni au wa furaha? Nikiuweka kwenye orodha ya huzuni, unaiharibu dakika ya nne. Nikiuweka kwenye orodha ya kucheza, unaanza kwa kilio. Mwishowe niliiacha sehemu hiyo kabisa na kutumia sehemu ya tukio, nikiandika kazi ambayo wimbo unaweza kuifanya: wageni, jikoni, safari, kucheza, usiku peke yangu. Wimbo mmoja unaweza kuwa na kazi tatu, na programu inaupokea bila shida katika orodha zote tatu.

Jaribio kubwa la mpango huo lilikuwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Dada aliniambia, "Kaka, usituletee mtu wa disko kwa saa za mwanzo, tuwekee wewe nyimbo za wazee wakati watu wanaingia." Niliunda orodha yenye masharti manne: tukio liwe wageni, muongo uwe wa 70 au wa 80, nyota ziwe nne au zaidi, na usafi wa sauti usiwe mbovu, kwani spika kubwa za ukumbini hazisamehi kanda iliyochoka. Programu ikatoa saa tatu za muziki. Nilitoa nyimbo nne kwa mkono, kwa sababu maneno yake yanahusu ndoa zilizovunjika na hakuna sharti lolote nililokuwa nimeandika la kuzizuia. Kuanzia siku hiyo nina sehemu nyingine ya ziada kwa ajili ya ujumbe wa wimbo. Wazee walikaa, wakaanza kuulizana ni bendi gani hii na ni nani anayepiga solo, na baadhi yao waliinuka kabla hata chakula hakijaandaliwa.

Usiku huo pia niliona faida ya kipimo cha sauti. Kanda moja hurekodiwa juu, nyingine chini, na zikifuatana mtu inabidi asimame karibu na kitufe muda wote. MusicBee inaweza kuupima ukubwa wa sauti wa kila wimbo na kuandika kipimo hicho kwenye lebo, kisha ikasawazisha wakati wa kupiga bila kugusa sauti yenyewe iliyomo kwenye faili. Kwa nyimbo elfu saba upimaji ulichukua usiku kucha kwenye kompyuta yangu ya zamani. Ilistahili.

Kuhusu mapungufu, la kwanza ni kwamba haina toleo la Mac wala Linux wala la simu. Mwenye Mac anaweza kutumia programu ya muziki ya Apple, ambayo ina nyota na orodha za masharti, ila nyota zake hukaa kwenye maktaba ya programu, jambo ambalo baada ya yaliyonipata siwezi kulipendekeza kwa moyo mkunjufu. Mwenye Linux aitazame Strawberry, ambayo nayo ina orodha za masharti.

La pili linahusu simu. MusicBee inapeleka nyimbo na orodha kwenye simu ya Android kwa waya wa USB, na inaweza kuzigeuza FLAC kuwa mafaili madogo zaidi wakati wa kupeleka, ambalo ni jambo la msaada mkubwa kwa simu yenye nafasi finyu. Lakini orodha inayojijaza yenyewe ikifika kwenye simu inakuwa orodha ya kawaida, iliyoganda ilivyokuwa siku ulipoipeleka. Orodha ya siku 60 haitajibadilisha mpaka uunganishe waya tena. Vilevile, ukihamisha orodha kwa faili la M3U, kumbuka kwamba faili hilo ni maandishi tu yanayotaja njia ya kuufikia kila wimbo. Ukibadilisha jina la folda, orodha inabaki na anwani za nyumba zilizohamwa.

La tatu ni wingi wa mipangilio. Ukurasa wa mapendeleo una matawi mengi, na mtu anayetaka tu kubofya na kusikiliza atajihisi amepotea siku ya kwanza. Ninashauri aache kila kitu kilivyo isipokuwa nyota na folda ya nyimbo, na hasa asiwashe mapema ule uwezo wa kupanga mafaili upya, ambao huhamisha na kubadilisha majina ya mafaili kwa kufuata lebo. Ni uwezo mzuri, nami ninautumia, lakini lebo zikiwa bado zina makosa, utayasambaza makosa hayo mpaka kwenye folda zenyewe. Kwanza safisha lebo, kisha fanya nakala ya akiba, ndipo uhamishe.

Watauliza wengine kwa nini nijisumbue hivi wakati Spotify imekuwapo Kenya, Tanzania na Uganda tangu mwaka 2021. Ninaitumia kusikiliza vitu vipya na sina ugomvi nayo. Lakini sehemu kubwa ya kanda zangu hazimo humo, haina mahali pa kuandika kwamba solo limepigwa na fulani, na haina nyota. Ina alama ya kuhifadhi wimbo unaoupenda tu. Kwa mtu ambaye mapenzi yake yana ngazi, hiyo haitoshi. Na foobar2000, ambayo wajuzi wengi huisifu kwa wepesi wake, nimeijaribu kwa miezi kadhaa. Ni programu imara, ila hata nyota zinahitaji kiongezwa cha kusakinishwa pembeni, na mtu asiye fundi atachoka kabla hajafika.

Nikiulizwa niipe MusicBee nyota ngapi kwa kipimo changu mwenyewe, ninaipa nne na nusu. Nusu iliyokosekana ni ya simu. Anayeanza leo na asianze na maktaba nzima. Achukue bendi moja anayoijua vizuri, ainyooshe majina, aipe nyota kwa wiki mbili, aandike orodha moja yenye masharti mawili, kisha aone kama inamfaa.

Mimi bado ninaendelea. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Tanga, aliyesikia kwamba ninatafuta, aliniazima santuri tatu za miaka ya 70 alizozitunza kwenye mifuko yake ya karatasi. Nilizirekodi jioni moja, nikaandika lebo, nikabadilisha neno "mbovu" kuwa "safi" kwenye nyimbo tano. Orodha ya "Zatafutwa" sasa ina nyimbo 37.